Baridi ya upepo na kuganda kwa ngozi: maswali na majibu

Kipimajoto kinasoma nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini utabiri unasema mwili utahisi 33 chini ya sifuri. Nifuate kipi?

Ukiwa nje, fuata cha pili, yaani kipimo cha baridi ya upepo. Mwili hupasha moto tabaka jembamba la hewa linaloigusa ngozi, nalo huukinga kama blanketi. Upepo hulipeperusha, mwili ukapasha jingine, nalo likapeperushwa. Kwa upepo wa kilomita 30 kwa saa, nyuzi 20 chini ya sifuri hukupokonya joto kama 33 chini ya sifuri isiyo na upepo.

Hewa ikiwa juu ya sifuri, upepo unaweza kugandisha ngozi?

Ngozi kavu, hapana. Lakini aliyelowa anaweza kupoa mwili mzima, na hilo huua.

Ngozi iliyo wazi huganda baada ya muda gani?

Kipimo cha baridi ya upepo kikifika 28 chini ya sifuri, dakika 10 hadi 30. Kikifika 40 chini ya sifuri, dakika 5 hadi 10 tu.

Nitajuaje kwamba imeanza?

Vidole, pua, masikio na mashavu hutangulia. Huchoma, huuma, kisha hufa ganzi. Maumivu yakiisha kabla hujapata joto, usidhani umepona: hapo ndipo hatari ilipo. Ngozi hupauka na kuwa ngumu kama nta. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo huenda usionekane, kwa hiyo ipapase. Pua yako huioni, basi mkaguane nyuso.

Huduma ya kwanza ni ipi?

Ingia ndani, vua nguo mbichi na pete. Anayetetemeka sana au kuchanganyikiwa apashwe mwili kwanza. Kisha tumbukiza kiungo kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, uyaongeze moto kila yanapopoa, mpaka ngozi ilainike na rangi irudi. Mara nyingi ni kama nusu saa. Itauma sana, maana damu inarudi.

Usisugue, wala kwa theluji: ndani mna chembe za barafu, na kusugua huzidi kuharibu nyama. Usiote moto, kwa kuwa kiungo chenye ganzi huungua bila wewe kujua. Usitumbue malengelenge. Na kama kiungo kinaweza kuganda tena njiani, usikiyeyushe kwanza. Kuganda mara ya pili hudhuru zaidi.

Hospitali ni lazima?

Ganzi, ugumu au malengelenge yakibaki, nenda upesi. Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda mishipani zinaweza kuokoa vidole, lakini hutolewa ndani ya saa 24 tangu kiungo kiyeyuke.