Je, wajua? Kondo la ng'ombe na la nyati hufanana, ila si kwa kila kitu

Ng'ombe akishazaa, kondo la nyuma hutoka baada ya saa chache, kwa kawaida kabla ya saa 12 kwisha. Likitandazwa, halifanani na la binadamu, ambalo ni kipande kimoja kinene. Hili ni utando mwembamba wenye mabaka mekundu yaliyotuna, kama vifungo vilivyoshonwa kwenye kitambaa. Huwa 70 hadi 120. La nyati, awe wa Afrika au nyati maji wa Asia, nalo lina vifungo.

Vifungo vinatoka wapi? Mji wa mimba wa wanyama hawa una vinundu, ambavyo vipo hata kabla ya mimba kutungwa. Utando wa ndama hujishikiza hapo tu. Kila kinundu kina vishimo, na utando huingiza vitawi vyake humo, mithili ya vidole ndani ya glovu. Hapo ndipo chakula na oksijeni huvuka.

Tofauti imejificha kwenye vitawi hivyo. Vya ng'ombe huchipuza matawi juu ya matawi. Vya nyati ni sahili, vimechongoka kidogo na matawi yake ni machache. Tena kinundu cha ng'ombe husimama juu ya kikonyo kama uyoga, ilhali cha nyati hukaa kama kuba, bila kikonyo. (Usikitafute kikonyo kwenye kondo lililokwisha kutoka: kinundu ni mali ya mama, hubaki tumboni.)

Mtu angedhani basi, kwa matawi hayo machache, ndama wa nyati anapunjwa chakula. Mimi sioni hivyo. Ng'ombe hubeba mimba kwa siku 280 hivi, nyati maji hupitisha 300, na nyati wa Afrika hukaribia 340. Ndama wa nyati huzaliwa wakubwa, na muda si mrefu wamesimama.

Kwa upande wa seli, wawili hawa ni ndugu hasa. Takriban seli moja kati ya kila tano kwenye tabaka la nje la kondo ina viini viwili. Seli hizo huhama, zikavuka mpaka na kuungana na seli ya mama, ikapatikana seli moja yenye viini vitatu. Kumbe seli za mtoto huingia kwenye ukuta wa mama! Huko humwaga homoni na protini zinazofika kwenye damu yake, na baadhi ya vipimo vya mimba husaka protini hizo hizo katika damu au maziwa.

Lakini damu zenyewe hazigusani, na kingamwili za mama haziwezi kupenya tabaka zilizopo katikati. Ndama wa ng'ombe na wa nyati huzipata kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, tena mapema, maana baada ya saa 24 hivi utumbo wake hauzipitishi tena.