Bakapu ya usiku ndiyo inafanya seva iamke nzito

Ofisi nyingi hapa Uganda bakapu zao (nakala za akiba za data) zimewekwa zianze saa nane usiku na hapo hakuna ubaya, shida inakuja saa mbili asubuhi watu wakifungua mfumo wa mishahara unazunguka tu, basi lawama kwa intaneti, mwingine anasema seva imezeeka inunuliwe mpya.

Mara nyingi wala si intaneti. Linux, mfumo unaoendesha seva, ikisoma faili diskini inabakiza nakala kwenye RAM, ile kumbukumbu ya haraka, ndiyo kache yenyewe, ili ukiitaka tena uipate chap. Sasa bakapu inasoma kila kitu, mapicha ya 2014, ripoti ambazo hakuna anayezigusa, inasoma mara moja tu na haina shida nazo tena, lakini zote zinapitia kache ile ile na kusukuma nje vitu ambavyo watu wanavitumia kutwa. Ni kama abiria wanaoshukia steji ya kwanza kukalia viti vyote vya teksi halafu wa Jinja wanabaki nje.

Kerneli, ndiyo moyo wa Linux, si jinga, kilichosomwa mara moja inakitanguliza kutoka, ila bakapu ikiwa kubwa kuliko RAM na usiku kucha hakuna anayegusa databesi, kinga hiyo inalegea.

Hakikisha mwenyewe. Sakinisha vmtouch, programu ndogo ya kuchungulia kache, jioni piga `vmtouch /var/lib/postgresql` (hapo ndipo databesi ya Postgres inaweka faili zake) ukiwa root, yaani msimamizi mkuu wa seva, itakuonyesha asilimia ya hizo faili iliyoko kwenye RAM, rudia asubuhi kabla watu hawajaingia. Ikiwa imeporomoka, mwizi umemshika. (Nimetaja Postgres kwa sababu inategemea sana kache ya mfumo.)

Dawa ninayoipenda mimi ni kuipa bakapu mpaka wake:

`systemd-run --scope -p MemoryHigh=500M rsync -a /data/ /mnt/bakapu/`

Hapo kache inayoletwa na rsync, programu inayonakili faili, inahesabiwa kwake, ikizidi 500M inaanza kutupa ya kwake yenyewe kabla ya kugusa ya jirani. Ubuntu 22.04 inaweza hii bila kuongeza kitu. Seva ya zamani weka `nocache` mbele ya amri, nayo inaiambia kerneli itupe kurasa (vipande vya faili vilivyo kwenye kache) zikishasomwa. `ionice`, amri ya kupanga nani atangulie kusoma diski, ni nzuri kwa foleni ya diski lakini kache hailindi, watu wanachanganya sana hapo.

Na jamani, ile ya kuweka `echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches` kwenye cron (ratiba ya kazi za seva) bakapu ikiisha, acheni! Inafagia kache ya kila mtu, yaani ndiyo hasara ile ile uliyokuwa unaikimbia.

Anza na 500M, bakapu ikichelewa mno panda mpaka 1G, ila majaribio haya usiyafanye usiku wa tarehe 14, kesho yake ndiyo mwisho wa kupeleka PAYE, kodi ya mishahara, kwa URA na mhasibu hatakuelewa.