"Joto Nitaliongeza Mwishoni": Dhana Potofu Kuhusu Mabamba Janja

"Joto nitaliongeza mwishoni": kauli hiyo naisikia kwa wanafunzi, naisikia kwa wahandisi wenye miradi ya kulipwa, wanaotengeneza kwenye kompyuta modeli za mabamba janja, yaani mabamba yanayojipima na kujizuia kutetemeka kwa umeme, na sasa naijibu kwa maandishi ili atakayekuja nayo kesho nimtumie tu asome.

Wanaoisema huwa na bamba la aluminiamu au la kompositi ya nyuzi za kaboni, limebandikwa vipande vya PZT, kauri inayobadilika umbo ikipewa umeme na kutoa umeme ikipindishwa: kimoja cha kupima mtetemo, kingine cha kuuzima. Wanaanza na volti, wanaona bamba linapinda inavyotakiwa, wanafurahi. Joto kwao ni mzigo mdogo: bamba litatanuka kidogo, utajumlisha, basi.

Haya, tupime huo udogo. PZT-5A, aina moja ya PZT, ina d31 (kigezo cha kiasi inachobadilika urefu kwa umeme) ya pikomita 171 hivi kwa volti. Kipande chenye unene wa milimita 0.25 ukikipa volti 100, kinasinyaa sehemu 68 kwa milioni. Aluminiamu hutanuka sehemu 23 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. PZT kama 4 tu. Tofauti yao ni 19. Gawanya mwenyewe: badiliko lisilofika hata nyuzi 4 linalipindisha bamba sawa na volti zako 100, au linazifuta zote, kutegemea umeunganisha upande gani wa umeme. Bamba likitoka kivulini kuingia juani linapanda zaidi ya hapo.

Na hiyo ni nusu ya habari. PZT ni pairoelektriki pia: joto likibadilika, chaji inajitokeza kwenye elektrodi bila mtu kuligusa bamba. Chukua mikrokulombi 300 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi, kiwango cha kawaida kwa PZT, na permitiviti (uwezo wa kuhifadhi chaji, ukilinganishwa na ombwe) ya 1,700, kwa kipande kilekile cha milimita 0.25. Pandisha nyuzi 10, saketi ikiwa wazi. Unapata volti 50 hivi. Hamsini, bamba limetulia kimya! Modeli isiyo na kipengele hicho itaapa kwamba bamba limetetemeka. Kweli, kwenye maabara joto likipanda polepole chaji huvuja kupitia kikuza ishara, ndiyo maana wengi hawaioni. Likipanda ghafla, wanaanza kulaumu nyaya.

Nisieleweke vibaya: kujumlisha chenyewe si kosa. Milinganyo ikiwa ya mstari, na vigezo visipobadilika kwa joto, jumlisha utakavyo. Kosa ni kujumlisha vitu ambavyo kimoja hukukihesabu. Na kuna wanaokihesabu mara mbili, hawa ndio wanaonichosha zaidi. Kigezo cha pairoelektriki kilichopimwa kwenye kipande huru tayari kimebeba chaji inayotokana na kutanuka. Ukikiweka kama kilivyo kwenye milinganyo iliyoandikwa kwa mnyumbuko (badiliko la urefu kwa kila kipimo cha urefu), kutanuka kunaingia tena kwa mlango wa pili. Ondoa sehemu hiyo kwanza.

Kabla hujaniletea picha zenye rangi kutoka kwenye programu yako, fanya jaribio moja. Kipande kimoja cha PZT, huru pande zote, joto sawa kila mahali, elektrodi zimeunganishwa pamoja. Badilisha joto: mkazo, yaani nguvu ya ndani, lazima uwe sifuri. Kisha rudia elektrodi zikiwa zimeachwa wazi: volti ilingane na hesabu ya kalamu. Isipolingana, usisogee hatua nyingine.

Kauli zao zilizobaki ni za kupitia haraka. "Bamba ni jembamba, Kirchhoff anatosha", yaani nadharia inayopuuza ukataji kupitia unene. Kwa chuma kitupu, sawa. Kompositi ni laini katika kukatwa kupitia unene (tabaka kuteleza juu ya tabaka), na gundi ni laini kuliko yote. Tumia nadharia ya Mindlin ya 1951, inayohesabu ukataji huo, ukikumbuka kwamba ile 5/6 inayozoeleka kama kigezo cha kuusahihisha ilitengenezwa kwa bamba la kitu kimoja, si la matabaka.

"Tabaka zangu zina ulinganifu, joto la sawasawa halitalipinda." Zilikuwa na ulinganifu kabla hujabandika PZT upande mmoja.

"Nitaufanya wavu (vipande vidogo ambavyo programu hugawia bamba) kuwa mdogo zaidi." Utapata jibu lilelile baya, ila kwa desimali nyingi.

"Nipo chini ya joto la Curie, sina wasiwasi." Hilo ni joto ambalo PZT hupoteza kabisa tabia yake ya umeme. PZT-5H, aina nyingine, huifikia Curie karibu na nyuzi 193, lakini upolarishaji, mpangilio wa ndani unaoipa tabia hiyo, huanza kupungua mapema kabla ya hapo, na waangalifu huishia nusu. Hata d31 hubadilika njiani, kwa hiyo namba ya nyuzi 25 usiitumie kwenye 90. Kama bamba lako litakaa karibu na injini, swali la kwanza si programu gani utatumia. Ni PZT ipi umenunua.