Tope la Ziwa Moja Halitoshi

Mei 2020 Ziwa Victoria lilifurika hadi kufikia kiwango lilichokuwa nacho mwaka 1964, na watu waliojenga karibu na maji nchini Kenya, Uganda na Tanzania wakalazimika kuhama. Je, hali kama hii si ya kawaida? Ukirudi kwenye daftari za vipimo, utaona mvua za mwaka 1961 zilizolipandisha ziwa kwa zaidi ya meta 2 katika miaka michache. Ukirudi nyuma zaidi unafika mwishoni mwa miaka ya 1890, na hapo daftari zinakwisha. Miaka mia na ushee ni michache mno kwa ziwa ambalo takriban miaka 17,000 iliyopita lilikuwa limekauka.

Kukauka huko hakukuandikwa na mtu. Tumekujua kwa kuchoronga sakafu ya ziwa: chini ya tope laini kuna udongo mgumu wenye alama za vijizizi, yaani mahali palipokuwa nchi kavu yenye majani.

Tope lenye habari nyingi kuliko yote katika ukanda huu pengine ni la Ziwa Chala, ziwa dogo la kasoko, yaani shimo la volkano, lililopo mpakani mwa Kenya na Tanzania, chini ya Mlima Kilimanjaro. Pasua sampuli yake, yaani nguzo ya tope iliyochorongwa, kwa urefu utaona mistari myeupe na myeusi ikipokezana, na kila jozi ni mwaka mmoja, unene wake ukiwa takriban milimita 1. Kusi inapovuma, maji huvurugika na virutubisho vya chini hupanda juu. Hapo dayatomu, mwani wenye magamba magumu, huzaana kwa wingi. Zikifa magamba yake hutua chini na kuacha mstari mweupe. Msimu wa mvua huacha mweusi. Mwaka wenye kiangazi kikali na upepo mwingi, kama ule wa La Niña (maji ya Pasifiki karibu na ikweta yanapopoa kuliko kawaida), mara nyingi huacha jozi nene. Uchorongaji wa mwaka 2016 ulitoa kumbukumbu inayorudi nyuma takriban miaka 250,000.

Mtu atauliza: kama Chala linasema yote hayo, tunahangaikia nini maziwa mengine? Kwa sababu maziwa hayakubaliani. Tope la Naivasha nchini Kenya linaonyesha ukame kati ya takriban mwaka 1000 na 1270, kisha karne kadhaa ambazo kwa jumla zilikuwa na maji mengi, ingawa zilikatizwa na vipindi vya ukame. Katika karne hizohizo, kuanzia ya 15 hadi ya 18, Ziwa Edward, ambalo Uganda na Kongo zinalimiliki kwa pamoja, lilikuwa likipungua. Mtafiti wa Naivasha peke yake angeandika kwamba Afrika Mashariki ilineemeka. Wa Edward angeandika kinyume, na wote wangekuwa wakweli. Kilichokuwa kikibadilika ni mgawanyo wa mvua kati ya mashariki na magharibi, na mgawanyo hauonekani mpaka maziwa yawekwe kwenye meza moja.

Kuyaweka mezani kuna masharti. La kwanza ni umri. Kaboni-14, aina ya kaboni inayotumika kukadiria umri wa mabaki ya viumbe, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730, lakini maji ya baadhi ya maziwa huwa na kaboni kongwe itokayo kwenye miamba au gesi za volkano, na hilo huweza kulizeesha tope kwa mamia ya miaka. Ndiyo maana tunatafuta kipande cha jani au mkaa kilichotoka nchi kavu. Maabara moja ikilizingatia hilo na nyingine isilizingatie, ukame mmoja utaonekana kama mbili. Mtandao wa PAGES wa watafiti wa hali ya hewa ya kale, ulioanzishwa mwaka 1991, umesaidia sana kuwaweka watafiti wa nchi mbalimbali kwenye taratibu zinazofanana.

Vibali navyo ni suala. Ziwa la mpakani lina milango miwili, yaani taasisi za serikali zinazotoa vibali vya utafiti: COSTECH upande wa Tanzania na NACOSTI upande wa Kenya, ukivuka kwenda Uganda kuna UNCST. Kila taasisi ina sababu zake, sina ugomvi nazo, ila maombi ya pamoja kwa maziwa ya pamoja yangeokoa msimu mzima wa kazi.

Kinachonikera zaidi ni mahali sampuli zinapoishia. Sampuli ikipasuliwa, nusu hufanyiwa vipimo na nusu huhifadhiwa bila kuguswa. Nusu zote mbili za maziwa yetu mengi ziko Ulaya na Marekani, kwa hiyo mwanafunzi wa huku huomba viza ili akaone tope la ziwa analoliogelea. Nusu ya akiba ingeweza kubaki hapa. Inahitaji chumba cha baridi cha nyuzi 4 hivi za Selsiasi, umeme usiokatika na mtu wa kutunza orodha. Kwa chuo kimoja huo ni mzigo. Kwa vyuo vya nchi tatu au nne vikichangia ghala moja, ni jambo la kuingizwa kwenye bajeti.