Je, wajua? Miguu iliyokataa kilomita ya 32 ilimalizwa mapema zaidi

Jioni ya siku ya marathoni jijini Nairobi, vikundi vya WhatsApp vya wakimbiaji hujaa jibu moja: laktiki ilinimaliza. Mtu alifika nusu ya njia akiwa mbele ya muda aliojipangia, akavuka kilomita ya 30 bado ana matumaini, kisha miguu ikakataa na zilizobaki akazitembea. Kwa kuwa maumivu yalimkuta kilomita ya 32, huko ndiko anakokwenda kutafuta kosa. Anaongeza mbio fupi za kasi ili misuli izoee asidi, na marathoni inayofuata inamwishia vilevile.

Asidi ya laktiki inasingiziwa. Lawama yenyewe ina historia ndefu. Mwaka 1907, Walter Fletcher na Frederick Gowland Hopkins wa Cambridge, Uingereza, waliichochea misuli ya chura hadi ikachoka, wakaikuta imejaa asidi hiyo. Otto Meyerhof na Archibald Hill, walioendeleza utafiti wa misuli, wakapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922. Basi ikaonekana kwamba mambo ni wazi: asidi ikiingia, nguvu zinatoka. Lakini misuli ya yule chura ilikuwa imekatwa mwilini. Haikuwa na damu ya kuiletea oksijeni wala ya kuiondolea asidi. Kwa mkimbiaji aliye hai, laktiti, yaani umbo ambalo asidi hiyo huwa nalo mwilini, hubebwa na damu hadi kwenye moyo na misuli mingine, na huko inachomwa ili kutoa nishati. Mmarekani George Brooks ameitetea hoja hii tangu miaka ya 1980, na leo ndiyo inayofundishwa.

Tena marathoni si mahali pa kuitafutia. Laktiti hupanda sana katika mita 800 na mita 1,500. Marathoni hukimbiwa chini ya kasi inayoirundika, la sivyo hakuna ambaye angefika hata nusu. Na yale maumivu ya Jumatatu, ya kushuka ngazi ukiwa umeshikilia ukuta? Hayo pia si yake. Laktiti hurudi kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya mtu kusimama. Maumivu ya kesho yake hutokana na nyuzi za misuli zilizoumia kidogo kidogo, hasa kwenye miteremko, ambako misuli ya paja inauzuia mwili usiporomoke huku yenyewe ikinyooshwa.

Kinachoisha kilomita ya 32 ni glikojeni, yaani sukari ambayo mwili umeiweka akiba. Mtu mzima huwa na takriban gramu 400 kwenye misuli na gramu 100 kwenye ini. Gramu moja hutoa kilokalori 4, kwa hiyo akiba yote ni kama kilokalori 2,000. Kukimbia hugharimu karibu kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 60 angechoma sukari peke yake, angefika kilomita ya 33 na kuishiwa. Hesabu hii inavutia, ndiyo maana inarudiwa kila mahali. Tatizo ni kwamba inachukulia sukari yote iko mahali pamoja, na kila kiungo kinajichotea. Sivyo ilivyo.

Mwaka 1966, Wasweden wawili, Jonas Bergström na Eric Hultman, walijifanyia jaribio wenyewe. Walikaa pande mbili za baiskeli moja ya mazoezi, kila mmoja akikanyaga pedali kwa mguu mmoja tu hadi nguvu zikaisha kabisa. Kisha wakatoa vipande vidogo vya misuli kwa sindano kutoka miguu yote. Mguu uliofanya kazi ulikuwa karibu mtupu. Ule uliopumzika, wa mtu yuleyule, unaopata damu kutoka moyo uleule, ulikuwa bado umejaa. Haukuwa umemsaidia mwenzake. Kwa maoni yangu hili ni mojawapo ya majaribio mazuri kuliko yote katika sayansi ya michezo, na lilihitaji baiskeli moja tu na ujasiri wa kuchomwa sindano.

Anayeishi kwenye ploti ya Nairobi yenye mita za stima za tokeni atalielewa jambo hili haraka. Nyumba kumi, mita kumi. Tokeni iliyonunuliwa kwa mita namba 7 haiingii mita namba 8, hata kama ukuta ni mmoja na nguzo ya stima ni moja. Jirani anaweza kuwa amesafiri kwenda ushago akaacha yuniti tele, nawe ukakaa gizani mlango wa pili. Misuli iko hivyo. Sukari ikishaingia kwenye msuli hufungwa kikemikali, na msuli hauna kimeng'enya cha kuifungua ili irudi kwenye damu. Ini linacho, kwa hiyo ini ndilo linaloweza kugawia wengine, lakini akiba yake ni ndogo na ubongo unaitegemea. Sukari ya mikononi hubaki mikononi. Hata ndani ya paja moja, nyuzi zilizoitwa kwa nguvu kwenye mpando huishiwa kabla ya majirani zao.

Kuna njia moja ndogo ya sukari kutoka kwenye msuli uliopumzika: ivunjwe iwe laktiti, kisha ibebwe na damu kwenda kunakohitajika. Yaani kile kinacholaumiwa kwa kuua miguu ndicho kinachojaribu kuisaidia, ingawa kwa kiwango kisichotosha kuokoa kilomita kumi za mwisho.

Sasa kosa lenyewe linaonekana. Kadiri kasi inavyopanda, mwili huacha mafuta na kuegemea sukari, kwa sababu mafuta yanahitaji oksijeni zaidi ili kutoa nishati ileile. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na oksijeni ni haba. Kasi ambayo pwani ni ya wastani, hapa ni kasi ngumu zaidi na inakula sukari zaidi. Sekunde ulizojivunia kilomita 5 za kwanza, ulipokuwa mbichi na umati unakusukuma, zililipiwa na nyuzi ambazo ungezihitaji baadaye. Hakuna kengele inayolia wakati huo. Kelvin Kiptum aliweka rekodi ya dunia ya saa 2:00:35 mjini Chicago mwezi Oktoba 2023 kwa kukimbia nusu ya kwanza dakika 60 na sekunde 48, na ya pili dakika 59 na sekunde 47.

Kula njiani husaidia, gramu 60 za sukari kwa saa, au hadi 90 kwa mchanganyiko wa aina mbili ambao tumbo limezoeshwa. Hiyo huiongezea damu na ini sukari. Kama inaokoa akiba ya misuli ya mkimbiaji, matokeo ya tafiti hayakubaliani.

Na glikojeni si maelezo yote. Katika utafiti wa mwaka 2004, waendesha baiskeli waliosukutua maji yenye wanga mdomoni kisha wakayatema walimaliza jaribio la saa moja karibu asilimia 3 haraka zaidi. Hakuna sukari iliyofika kwenye msuli. Ubongo ulionja, ukalegeza mkono. Jaribio la saa moja si marathoni, lakini linatosha kuonyesha kwamba uchovu una sauti nyingine isiyotoka miguuni.

Kwa hiyo mbio zilizokuvunja moyo zisome kwa vipande vya kilomita 5, kuanzia mwanzo. Kama vipande vitatu vya kwanza ni vya kasi kuliko ulivyopanga na anguko likaja baada ya kilomita ya 28, mazoezi ya kasi hayatakutibu. Tafuta kasi ya kuanzia iliyo ya upole, na ule vizuri siku mbili kabla: ugali, wali, chai ya sukari. Kama mapaja yaliuma kwanza kwenye miteremko, fanya mazoezi ya kushuka.

Zipo pia mbio zisizo na kosa la kutafuta. Oktoba 2020, Eliud Kipchoge alimaliza wa nane London kwa saa 2:06:49, akasema sikio lake liliziba. Aprili 2021 alishinda Enschede, Uholanzi, kwa 2:04:30, na Agosti akachukua dhahabu ya Olimpiki mjini Sapporo. Nawe kama kasi yako ilianza kushuka kabla ya kilomita ya 15, huku ukiwa ulianza polepole, kuishiwa glikojeni si jibu lako. Angalia usingizi wa wiki hiyo, homa uliyoidharau, na ukienda zahanati omba wapime damu waone kama madini ya chuma yamepungua.