Kichwa cha nyonga kikishatolewa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu anapowekewa nyonga bandia, daktari hukata shingo ya fupa la paja na kukitoa kichwa chake: tufe la ukubwa wa ndimu kubwa, kipenyo sentimita 4.5 hadi 5 hivi. Pasipo na benki ya mifupa, tufe hilo hutiwa kwenye mfuko wa taka za hospitali na kuchomwa. Penye benki, hugandishwa limsubiri mgonjwa mwingine. Habari hii ikifika barazani hapa Mombasa, hurudi imetiwa chumvi.

"Watakata zaidi ili wapate wa kugawa."
Kichwa hutolewa kizima kwa vyovyote, ndipo nyonga mpya ipate pa kukaa. Ukikataa kuchangia, kidonda ni kilekile. Kisha wewe ndiye wa kwanza: daktari akikuta kikombe cha nyonga yako kina pengo, hutumia mfupa huohuo kuliziba, na benki ikakosa.

"Nyonga yangu imelika, nani atautaka mfupa huo?"
Kilicholika ni gegedu, ule utando laini wa juu, na huo hukwanguliwa. Ndani mna vijitundu kama vya dodoki, na hapo ndipo penye thamani. Uboho na mafuta huoshwa, mfupa ukasagwa punje za milimita 3 hadi 10, zikashindiliwa kwa nyundo mahali palipobonyea, hasa kwa mtu ambaye nyonga yake bandia imelegea. Punje hazifufuki, ni kiunzi tu, ambamo mishipa ya damu ya mwenyeji huingia na mfupa wake ukamea. Mara nyingi kichwa kimoja hakitoshi.

Si kila mtu hukubaliwa, hata hivyo. Mwenye saratani, mwenye usaha mwilini, au mwenye baridi yabisi ile ya kinga kushambulia viungo, huachwa. Kwetu Pwani wapo wengi wenye seli mundu, na nyonga zao hufa kwa kukosa damu. Mfupa mfu haubebi uzito, kwa hiyo usishangae ukiambiwa hapana.

"Mwili wa mwenzangu utaukataa, kama figo."
Haukataliwi kama figo, kwani ni kiunzi tu; hakuna dawa za kushusha kinga hapa. Tahadhari ni moja: mwanamke mwenye kundi la damu la Rh hasi (kama O hasi) ambaye bado atazaa hapewi mfupa usiooshwa wa mtu wa Rh chanya.

"Nikishatia sahihi, yamekwisha."
Hapa ndipo mifupa mingi mizuri hupotelea. Siku ya upasuaji unatolewa damu ya kupima Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Lakini aliyeambukizwa wiki mbili zilizopita anaweza kuonekana safi, kwa kuwa mwili haujatengeneza kingamwili za kuonekana kwenye kipimo. Ndiyo maana mfupa huwekwa karantini, na baada ya siku 180 wewe unaitwa kupimwa damu tena. Usipofika, kwa kuwa umehamia Malindi au umebadilisha laini ya simu, mfupa unatupwa. Penye kipimo kinachotafuta chembe za urithi za virusi vyenyewe, safari hiyo ya pili huweza kuepukwa. Uliza. Acha na namba ya simu ya mtoto au jirani.

"Dini hairuhusu."
Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilijadili upandikizaji mjini Jeddah mwaka 1988 na kuuruhusu kwa masharti. Anayetaka mfupa wake uzikwe amwambie daktari mapema, kabla haujaingia kwenye mfuko wa taka.

"Watauuza."
Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inataka idhini ya maandishi na inakataza biashara ya tishu. Wewe pia hulipwi.

"Kwenye friza hauharibiki."
Huharibika. Muuguzi hupangusa mfupa kwa pamba ya kupimia vijidudu, akaufunga kwenye vyombo viwili au vitatu visivyo na vijidudu, ukaenda nyuzi 80 chini ya sifuri, ambako hukaa hadi miaka 5. Umeme ukikatika na jenereta isiwake, joto la Mombasa halina huruma. Na ukishayeyuka haurudishwi kugandishwa. Kwa hiyo friza ya mifupa huwa na kengele ya joto, na mtu wa kuiitikia hata saa nane usiku.