Kidonda hakiponi kwa kupigwa upepo

Nimechoka na upepo. Haipiti wiki kliniki yetu ya vidonda hapa Nairobi bila kuingia mtu, mara nyingi kijana wa bodaboda aliyeburuzwa kwenye lami, goti limechubuka upana wa kiganja, na kauli ni ile ile: "Sista, nimekiacha wazi kipigwe upepo, kikauke." Mama yake ndiye aliyemshauri, au jirani. Linaloniuma zaidi ni kwamba mara nyingine aliyemshauri ni mhudumu wa afya mwenzangu.

Dhana yenyewe ni kwamba kidonda kikikauka na kufanya kigaga, kimekaribia kupona. Si kweli. Kigaga ni kifuniko cha dharura tu. Kazi inafanyika chini yake, na wanaoifanya ni keratinositi, seli za ngozi zinazotambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Hazitambai hewani. Zinashikilia kitanda cha kidonda, yaani nyuzi za fibrini na faibronektini zilizobaki damu ilipoganda, na kinachoshika ni vipokezi viitwavyo integrini. Kila integrini ni protini mbili zilizoungana, alfa na beta, zilizopenya utando wa seli. Nje inashika kitanda. Ndani, kupitia protini kama talini, imefungwa kwenye nyuzi za aktini ambazo seli hujivutia nazo. Binadamu tuna aina 24 za integrini, na kila seli hutumia zile zinazofaa kazi yake ya wakati huo.

Ngozi ikiwa nzima, seli za tabaka la chini zimetia nanga kwenye laminini, protini ya utando ulio chini yake, kwa integrini ya alfa-6 beta-4, na zimetulia. Ukijeruhiwa, zile za ukingoni hung'oa nanga, hutoa integrini nyingine kama alfa-5 beta-1 inayoshika faibronektini, na safari inaanza: kushika mbele, kujivuta, kuachia nyuma, kama mkwezi wa mnazi. Ndiyo maana hukereka nikisikia kwamba seli "zimegundishwa". Kilichogundishwa hakisogei, na kidonda ambacho seli zake hazisogei hakifungi.

Sasa huo upepo unaharibu nini? Integrini hushika kwa msaada wa ioni za madini, hasa magnesiamu, zilizoyeyuka katika majimaji ya kidonda. Kitanda kikikauka, tabaka lake la juu hufa na kuwa gumu, na seli hulazimika kupita chini yake. Zikigusa kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, kwa integrini ya alfa-2 beta-1, hutoa kimeng'enya cha kuikata ili zipate njia. Kuchimba huko kunakula muda. Mwaka 1962 George Winter alichapisha katika jarida la Nature majaribio aliyofanya kwa nguruwe: vidonda alivyovifunika kwa plastiki nyembamba viliota ngozi mpya karibu mara mbili ya kasi ya vile vilivyoachwa wazi. Zaidi ya miaka 60 imepita na bado tunabishana na upepo.

Na gozi kavu, kile kitambaa cha kufungia kidonda, ni upepo kwa jina lingine. Ikishagandia ukaibandua kwa nguvu, igeuze uitazame upande wa chini: kuna utando mwembamba wenye rangi ya waridi, na kwenye kidonda vitone vya damu vimeanza kuchomoza. Umeng'oa ngozi mpya, pamoja na kitanda ilichokuwa imekishika. Miminia maji ya chumvi ya hospitali, subiri dakika chache, itaachia yenyewe. Kichubuko kikishasafishwa, kipake Vaseline kidogo, ukifunike kwa gozi isiyonata. Na tafadhali, isiwe Vaseline ya lile kopo ambalo nyumba nzima inachovya vidole.

Unyevu si kulowana, lakini. Ngozi ya pembeni ikiwa nyeupe na kukunjamana, maji yamezidi. Na kama una kisukari na kidole cha mguu kimekuwa cheusi na kikavu, hayo ya unyevu hayakuhusu: kiache kikavu na uje hospitali leo.

Mengine nayamaliza haraka. Spiriti na ile dawa ya povu (hydrogen peroxide) haziui vijidudu peke yake. Zinaua na hizo seli zinazotambaa. Povu lenyewe si uchafu unaotoka. Ni oksijeni, kwa kuwa tishu zako zina kimeng'enya kinachovunja dawa hiyo.

Poda ya kolajeni nayo tumbo huisaga ikawa amino asidi na vipande vifupi vya protini. Haisafiri hadi gotini kuwa kitanda cha kidonda. Hela hiyo nunulia mayai, maharagwe na machungwa; bila vitamini C seli haziwezi kutengeneza kolajeni imara.

Wengine huniuliza integrini zinauzwa duka gani la dawa. Haziuzwi. Dawa zinazojulikana za integrini kazi yake ni kuzizuia: eptifibatide huzuia chembe sahani za damu zisishikane kwa mgonjwa wa moyo, na vedolizumab huzuia baadhi ya seli nyeupe zisiingie kwenye utumbo wenye uvimbe. Kushika nako kuna mahali pake.

Mwisho, "hakina usaha, basi ni kisafi". Mara nyingi, ndiyo. Ila wako watoto wachache wanaozaliwa na kasoro ya integrini za beta-2: seli zao nyeupe haziwezi kushika ukuta wa mshipa ili zitoke kwenda kwenye maambukizi, kwa hiyo kidonda kinaoza bila usaha. Dalili ya mapema huwa kitovu kinachochelewa kudondoka. Mwezi ukipita bado kinaning'inia, mpeleke mtoto akapimwe damu, wala usikubali kuambiwa usubiri kikauke.